Neno ‘kabila’ na somo alilotuachia Profesa Mafeje

YAPO maneno yanayoficha mengi kuliko yanavyofichua. Mfano wangu wiki hii ni ‘kabila’, na shahidi wangu ni Archie Mafeje, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefariki 2007.

Mafeje alizaliwa 1936. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alifanya utafiti mtaani Langa. Kitabu alichoandika pamoja na mwalimu wake, Monica Wilson, kilitoka 1963. Kisha alikwenda Cambridge, na tasnifu yake ya uzamifu ikawahusu wakulima wa biashara huko Buganda.

Mwaka wa 1968 chuo chake cha zamani kilimteua mhadhiri mwandamizi, halafu kikaufuta uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi. Wanafunzi walikalia jengo la utawala kwa siku tisa. Wapi! Kazi hakupewa.

Basi Afrika Mashariki ikampokea. Aliongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa profesa wa anthropolojia na sosholojia ya maendeleo huko The Hague, Uholanzi, na baadaye akafundisha Cairo.

Mnamo 1971 alichapisha makala kuhusu itikadi ya ukabila. Alieleza kwamba wenyeji wa Afrika Kusini walikuwa na maneno ya taifa, ukoo na mlango, ila hawakuwa na neno la kile ambacho Waingereza walikiona kila mahali. Wageni wakikutana, waliulizana: umetoka nchi ya mtawala gani?

Hapa kwetu mambo si tofauti sana. Waswahili wa Mombasa walijiita Thenashara Taifa, na mengi ya mataifa hayo yalibeba majina ya miji: Wachangamwe, Wakilindini, Wajomvu, Wamtwapa. Waandishi wa Kiingereza wakaandika eti ni makabila kumi na mawili. Taifa likashushwa cheo kwa kalamu tu!

Mafeje hakudai kwamba ukabila ni ndoto. Anayeshika mila za kwao kijijini hana kosa. Shida ni mkubwa wa mjini anayewaita hao ‘watu wangu’ ili alinde kiti chake, huku akiwanyonya. Hapo ndipo neno linapogeuka pazia: nyuma yake huoni nani anamiliki shamba na nani analilima.

Kwa hivyo, ninaposoma kwamba ‘kabila fulani limekasirika’, huuliza: nani hasa? Mkulima wa majani chai ambaye bonasi yake imepunguzwa, au mwanasiasa aliyekosa uwaziri? Hasira zao si moja, hata kama wanasalimiana kwa lugha moja.

Kiswahili hakijakosa maneno. Tuna wakulima, vibarua, wapangaji, mabwanyenye. Wanahabari na walimu wenzangu, tukianza kuwataja watu kwa hali zao, mwanasiasa atatafuta pazia jingine.