Nyayo za Oppenheimer, kutoka Washington kurudi Berkeley

Mwenendo wa shauri la J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, kuhusu kibali chake cha kuona siri za serikali, ulichapishwa na serikali ya Marekani mwezi Juni 1954, karibu kurasa 1,000 za herufi ndogo. Anayetafuta siri za bomu la atomiki humo atachoka bure. Mengi yaliyomo ni nani alikula kwa nani, nani alilala wapi, na nani alimwambia nini ofisa wa usalama. Nimeusoma kinyumenyume, kuanzia hukumu kurudi kwenye chanzo.

Chanzo kipo jikoni, katika nyumba ya Oppenheimer ya Eagle Hill mjini Berkeley, majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943. Haakon Chevalier, mwalimu wa fasihi ya Kifaransa katika chuo kikuu cha mji huo, alikuja na mkewe kula chakula cha jioni. Mwenyeji alipokwenda kuchanganya vinywaji, Chevalier akamfuata na kumdokeza kwamba George Eltenton, mkemia Mwingereza aliyekuwa Shell, anayo njia ya kufikisha habari za kisayansi kwa Wasovieti. Oppenheimer akakataa. Yakaisha.

Na yangeisha kweli, kwa sababu kufuatwa si kosa. Kosa lilizaliwa Agosti 1943. Akiwa tayari mkurugenzi wa Los Alamos, maabara ya siri ya bomu hilo, Oppenheimer alikwenda kwa hiari yake kuwatahadharisha watu wa usalama juu ya Eltenton. Siku ya pili Boris Pash, ofisa wa ujasusi wa jeshi, alimhoji huku chombo cha kurekodi kikiwa kimefichwa. Oppenheimer akagoma kumtaja rafiki yake, kisha akatia chumvi: eti wanasayansi watatu walikuwa wamefuatwa. Jina la Chevalier lilitoka Desemba, baada ya Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa bomu, kumwamuru alitoe. Kwa nini watatu? Alipoulizwa mwaka 1954 alijibu kwamba alikuwa mjinga tu. Mimi naona huruma iliyokosa akili, maana kwa uongo huo yule aliyetaka kumlinda alionekana kinara wa mtandao mzima.

Miezi miwili kabla ya mahojiano hayo, akiwa mume wa mtu, alikuwa amelala San Francisco kwa Jean Tatlock, mchumba wake wa zamani aliyewahi kuwa mkomunisti. Mashushushu wa jeshi walikesha nje wakiandika. Hilo nalo likaingia failini.

Mwaka 1947 Tume ya Nishati ya Atomiki ililipekua faili hilo na kumwacha na kibali chake. Kilichofuata ni uadui. Mwaka 1949 alimfanyia dhihaka Lewis Strauss, mmoja wa wajumbe wa Tume hiyo, mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka huohuo kamati ya washauri aliyoiongoza ikapinga mpango wa haraka wa bomu la haidrojeni. Strauss akawa mwenyekiti wa Tume mwaka 1953. Karatasi za 1943 zilibaki zilezile, ila sasa alizisoma mtu mwenye kisasi.

Shauri lilianza Aprili 12, 1954. FBI ilikuwa ikisikiliza mazungumzo ya Oppenheimer na mawakili wake na kumpelekea Strauss taarifa. Wakili wake Lloyd Garrison hakuwa na kibali, hivyo nyaraka za siri ziliposomwa alitolewa nje, huku Roger Robb wa upande wa pili akibaki nazo mkononi. Wajumbe wote watatu wa bodi iliyosikiliza shauri walikubali kwamba Oppenheimer ni mwaminifu kwa nchi yake, lakini wawili wakataka anyimwe kibali. Juni 29 Tume iliafiki kwa kura 4 dhidi ya 1, ikitaja kasoro za tabia. Kibali chenyewe kilikuwa kimebakiza siku moja kuisha. Desemba 2022 serikali ilibatilisha uamuzi huo kwa sababu Tume ilikuwa imevunja taratibu zake yenyewe.

Je, leo angepita? Mwongozo wa kuwapekua waombaji wa kibali unaotumika Marekani tangu 2017 una vigezo 13. Ushawishi wa kigeni ni kimoja na mwenendo binafsi ni kingine. Mtanzania au Mkenya aliyechukua uraia wa huko na kuomba kazi yenye siri huorodhesha wazazi, ndugu na wakwe walioko nyumbani. Kuwa nao si dhambi. Kinachopimwa ni kama kuna anayeweza kumbana kupitia kwao, na kama mwombaji ameficha kitu. Aliyesema uongo huhesabiwa nafuu akiusahihisha mwenyewe, upesi, kabla ya kubanwa. Muda mrefu uliopita nao huhesabiwa.

Kwa kipimo hicho Oppenheimer hapati nafuu ya kwanza, kwani alisubiri amri ya Groves. Ya pili angeipata, maana uongo ulikuwa na miaka kumi. Lakini mapema Desemba 1953, wiki chache kabla ya kusomewa tuhuma, alikuwa Paris akila chakula cha jioni nyumbani kwa Chevalier, na Tume iliitaja ziara hiyo katika hukumu yake.