AFYA: Manufaa na gharama ya kuunganisha mifupa ya kifundo cha mkono

KIFUNDO cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangika katika safu mbili. Mmoja wao, skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, huvunjika upesi mtu anapoanguka na kujikinga kwa kiganja.

Wengi hudhani wameteguka tu, wakaukanda mkono kwa maji moto na kurejea kazini. Kwa kuwa sehemu ya mfupa huo hupata damu kidogo, huenda usiunge. Miaka kadhaa baadaye gegedu huchakaa na maumivu huwa ya kudumu.

Dawa na mikanda ya kushikilia kifundo zikishindwa kuleta nafuu, madaktari huweza kupendekeza upasuaji wa kuunganisha mifupa.

Katika aina ya kwanza, skafoidi huondolewa na mifupa minne iliyo jirani hufungwa kwa skrubu au bamba la chuma hadi iwe mfupa mmoja. Kwa kawaida mgonjwa hubaki na takriban nusu ya uwezo wa kupinda kifundo, na nguvu za kushika zinazokaribia robo tatu au zaidi za mkono mwingine.

Wengi waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10 wameendelea kuwa na nafuu. Hata hivyo, baadhi hurudishwa kwenye chumba cha upasuaji kwa sababu mifupa haikuungana, au kiungo kilichosalia nacho kimechakaa. Uvutaji wa sigara huzidisha hatari ya mifupa kutoungana.

Katika aina ya pili, kifundo chote huunganishwa na mfupa wa kigasha. Hakitapinda tena, ingawa vidole hufanya kazi na kiganja huweza kugeuzwa juu na chini, kwani mgeuko huo hutoka kwenye kigasha. Seremala ataweza kushika nyundo, lakini atapata taabu kupenyeza mkono mahali pembamba, kujitawaza, au kujiinua kutoka sakafuni kwa kuegemea kiganja.

Hivyo basi, mgonjwa hutoa mwendo ili apunguziwe maumivu, na yafaa aelezwe hayo kabla ya kukubali.

Kinga ni kupigwa eksirei mapema. Picha ya kwanza huenda isionyeshe ufa. Maumivu yakiendelea, irudiwe baada ya wiki mbili hivi.