Kusoma chuo kikuu nje ya nchi: mambo ya kukamilisha kabla ya kuuza shamba

Kwa mkazi wa Ngara, nje ya nchi si mbali. Ukivuka daraja la Rusumo uko Rwanda, na ukipita Kabanga uko Burundi. Aliyeko Biharamulo anaweza kupitia Bukoba na Mutukula akafika Kampala. Mwalimu Julius Nyerere naye alisomea ualimu Makerere, Uganda, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949.

Siku hizi vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita wanatafuta nafasi ya shahada ya kwanza Uganda, Rwanda, India, China na Ulaya. Familia nyingine huuza ng'ombe au shamba la kahawa ili mtoto aende. Kabla ya kufika huko, kamilisha nyaraka za hapa nyumbani na uhakikishe kuwa shahada hiyo itatambuliwa mtoto akirudi.

Anza na cheti cha kuzaliwa

Bila cheti cha kuzaliwa hakuna pasipoti. Cheti hutolewa na RITA, na kwa wilaya, ofisi ya vizazi na vifo iko kwa Mkuu wa Wilaya. Angalia majina kwa makini. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana na cheti cha kidato cha nne kinasema John, rekebisha mapema kwa njia ya kisheria. Tofauti ndogo ya herufi inaweza kuzuia safari nzima.

Kisha hakikisha una kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake.

Pasipoti na suala la uraia

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, kisha unapeleka nyaraka ofisini. Ada ni shilingi 150,000, na pasipoti hudumu miaka 10.

Mwombaji huonyesha cheti chake cha kuzaliwa na pia cheti cha mzazi au hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwa mzazi. Katika wilaya za mpakani, ambako ndugu wa ukoo mmoja wanaweza kuishi pande mbili za mpaka, maswali juu ya uraia yanaweza kuwa mengi. Wazazi wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hati ya kiapo ishughulikiwe kijana akiwa bado kidato cha tano. Usisubiri barua ya chuo ndipo uanze.

Je, shahada itatambuliwa?

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Chuo cha nje kinaweza kumpokea mtu mwenye alama ndogo, lakini akirudi, anayepima shahada yake ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU.

Kwa kawaida sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, kwa mfano D mbili. Kozi nyingine zinadai zaidi. Udaktari wa binadamu unahitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Kabla ya kulipa ada, fanya mambo matatu:

1. Iulize TCU kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa.
2. Omba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, inayotolewa kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje.
3. Kama ni taaluma yenye baraza lake, uliza na huko. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Jihadhari na mawakala

Wapo mawakala halali wanaotafutia wanafunzi vyuo vya nje. TCU husajili mawakala hao, kwa hiyo ulizia jina la wakala huko kabla ya kumpa hata shilingi. Ada ya chuo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya mtu. Anayekuambia "nafasi zinaisha leo" mwache aende zake.

Piga hesabu ya maisha, si ada peke yake

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo. Lakini ili kupata viza, mwanafunzi alitakiwa mwaka 2025 kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, zaidi ya shilingi milioni 30. Ada kutokuwepo si sawa na kusoma bure.

Nchi jirani hupunguza nauli, na mwanafunzi anaweza kurudi likizo kwa basi. Chuo Kikuu cha Rwanda hufundisha kwa Kiingereza. Burundi, kwa upande mwingine, Kifaransa bado kina nafasi kubwa vyuoni.

Mikopo ya HESLB kwa sehemu kubwa ni ya wanaosoma vyuo vya ndani, hivyo usipange safari kwa kuitegemea. Ufadhili wa serikali za nje, kama ule wa China, hutangazwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa vyuo vya Marekani, huduma ya EducationUSA kwenye ubalozi wao Dar es Salaam hutoa ushauri bila malipo.

Ratiba fupi

- Kidato cha tano: cheti cha kuzaliwa, NIDA, kiapo cha mzazi.
- Mwanzo wa kidato cha sita: pasipoti, kuchagua vyuo, kuulizia TCU.
- Baada ya matokeo: kukamilisha maombi, hati ya TCU, kisha viza.

Omba pia chuo kimoja au viwili vya hapa nchini. Safari ya nje ikikwama, mwaka hautapotea, na shamba litakuwa bado lenu.