Mashine Irukayo Bila Kuondoka Chini

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hii yatufaa sana tunapochunguza historia ya mashine ya kuigiza urukaji wa ndege, ambayo marubani huiita simuleta. Mashine hiyo humdanganya rubani ili imfundishe kweli. Basi yatupasa kuuliza: uongo wake hupimwaje, na ni nani astahiliye kuupima?

Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton huko Marekani, kijana aitwaye Edwin Link alimaliza kuunda kidege kisichoweza kuruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Kwa hiyo Link alitumia mivukuto, ile ile ipulizayo upepo katika vinanda, kukiinamisha kidege chake huku na huku. Watu wengi walikiona kuwa mchezo wa kufurahishia watoto. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa sababu ya giza na hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi liliponunua mashine 6 za Link. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa zaidi ya 10,000.

Mwendo wa mashine hizo ulikuwa haba. Katika miaka ya 1950, mhandisi Eric Gough wa Uingereza aliunda mashine ya kupimia matairi, yenye miguu 6 irefukayo na kufupika. Mwaka 1965 mhandisi D. Stewart aliandika juu ya jukwaa la kufundishia marubani. Jukwaa la miguu 6 huweza kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, tena huweza kuinama na kugeuka. Hata hivyo, miguu yake hufika mwisho upesi, hali ndege ya kweli hupaa kilomita nyingi. Hapo ndipo njia ya mwongo inapokuwa fupi.

Wahandisi hufanyaje basi? Hutumia udhaifu wa mwili wetu. Ndani ya kila sikio mna mirija 3 yenye majimaji, ituarifuyo kwamba tunageuka. Tena mna vijiwe vidogo vituarifuvyo uzito umeelekea wapi. Panda basi liendalo Kisumu, ufumbe macho linapoondoka kwa nguvu katika kituo cha Kakamega: utahisi mgongo ukikandamizwa kitini. Kisha keti darasani, mwenzako akiinamishe kiti chako nyuma taratibu: mgongo utakandamizwa vile vile. Sikio peke yake haliwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo simuleta husogea mbele kidogo, halafu huinama nyuma polepole, kiasi ambacho sikio halitambui, na rubani huamini kwamba angali anaongeza mwendo.

Usidhani kwamba huo ni mzaha. Udhaifu huo huo huweza kuua. Tarehe 5 Mei 2007, usiku wa manane, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala nchini Kamerun kuja Nairobi. Nje palikuwa na giza totoro. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole, na marubani hawakutambua mapema. Ikaanguka katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walipotewa na hisia ya mwelekeo katika mwinamo ule mrefu wa polepole, pasipo kutazama vipimo.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa mwili haukutambua mwinamo ule, utawezaje kuwa hakimu wa pekee wa simuleta? Zamani rubani mzoefu aliketi ndani yake, kisha akasema kama yafanana na ndege au la. Ushahidi wake wahitajiwa hata leo, lakini hautoshi. Siku hizi vyombo vya kupimia hufungwa jukwaani, na jukwaa huamriwa kuyumba polepole, kisha kwa haraka zaidi na zaidi. Wapimaji huandika mambo mawili: ni kiasi gani cha mwendo ulioamriwa kilichofika, na kimechelewa kwa muda gani. Jukwaa likichelewa, macho huona mgeuko kabla mwili haujauhisi. Rubani hushikwa na kichefuchefu, na pengine hujifunza mazoea mabaya atakayokwenda nayo angani. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitia jaribio la namna hii katika mwongozo wake.

Hakuna simuleta iigizayo kila mwendo wa ndege, na mpimaji mwaminifu huandika pia mahali ambapo uigaji wake unakoma. Nawe katika masomo yako usizidharau hisia zako, kwani ni mashahidi. Lakini kabla hujatoa hukumu, chukua kipimo upime.