Gharama za nishati majumbani: Mita moja kwa wapangaji wengi huongeza mzigo

KWA familia nyingi za mijini nchini Tanzania, fedha za nishati hazitoki kwa mkupuo mmoja. Hutoka kidogo kidogo: leo umeme wa Sh2,000, kesho kopo la mkaa, mwisho wa mwezi mtungi wa gesi. Kwa sababu hiyo, ni vigumu kwa mkuu wa kaya kujua kwa hakika kiasi kinachoishia jikoni na kwenye taa.

Bei zinapopanda, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuzima taa na kubadili balbu. Ushauri huo ni mzuri, lakini hesabu zinaonyesha kuwa tofauti kubwa zaidi huletwa na kundi la bei ambalo mita ya nyumba imewekwa. Wanaoumia zaidi kwa hilo ni wapangaji wenye kipato kidogo wanaochangia mita moja.

Bei zilivyopanda

Januari 2014, bei ya umeme kwa wateja wa kawaida, kundi linaloitwa T1, ilipanda kutoka Sh221 hadi Sh306 kwa uniti. Kwa wateja wa matumizi madogo ya majumbani, kundi la D1, ilipanda kutoka Sh60 hadi Sh100. Aprili 2016, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) iliidhinisha punguzo. Bei ya T1 ikawa Sh292, na tozo ya huduma ya kila mwezi ikafutwa kwa wateja wa majumbani.

Mafuta ya taa, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa kimbilio la wanyonge, yalipanda kwa sababu nyingine. Bajeti ya mwaka 2011/12 iliongeza ushuru wake kutoka Sh52 hadi Sh400 na ushei kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi wa Juni. Mkaa nao huletwa mijini kwa malori, hivyo dizeli inapopanda, gunia la mkaa halibaki nyuma.

Shilingi 10,000 zinavyogawanywa

Mteja wa LUKU hulipa zaidi ya bei ya uniti. Katika hesabu iliyozoeleka kwenye stakabadhi, huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya Sh292 humfikia mteja wa T1 kwa takriban Sh356, na Sh10,000 humpatia uniti 28 hivi.

Kwa mteja wa D1, uniti ya Sh100 humfikia kwa Sh122, na uniti 75 za mwezi humgharimu Sh9,150. Akivuka uniti hizo 75, kila uniti inayozidi huuzwa Sh350, ambazo pamoja na makato hufika Sh427. Bei hiyo ni kubwa kuliko ya T1. Kwa sababu hiyo, mteja wa D1 anayenunua umeme mwingi kwa pamoja ili akae nao muda mrefu anaweza kujikuta akiadhibiwa kwa ununuzi wake mwenyewe.

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Katika nyumba ya kupanga, anayenunua umeme wa kwanza mwezi unapoanza ndiye hukatwa, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anapaswa kutunza stakabadhi na kukubaliana na mwenye nyumba ili fedha hizo zipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Mita moja, wapangaji wanne

Katika maeneo kama Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala jijini Dar es Salaam, ni jambo la kawaida nyumba yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili kuwa na mita moja. Chukulia nyumba yenye familia nne, kila moja ikitumia uniti 60 kwa mwezi. Kila familia, ikitazamwa peke yake, ina matumizi madogo. Lakini mita huona uniti 240, na nyumba nzima huwekwa T1.

Kwa mwezi, nyumba hiyo hulipa takriban Sh85,500, sawa na Sh21,370 kwa kila familia. Kama kila familia ingekuwa na mita yake katika kundi la D1, ingelipa Sh7,320 tu. Umeme ni uleule na taa ni zilezile, lakini gharama imekaribia mara tatu.

Kikwazo ni fedha za kuanzia. Januari 2022, gharama ya kuunganishiwa umeme mijini ilirejeshwa kuwa Sh320,960 kwa mteja wa njia moja asiyehitaji nguzo, mbali na gharama ya kutenganisha nyaya za ndani. Kwa akiba ya takriban Sh14,000 kwa mwezi, fedha hizo za kuunganishwa hurudi baada ya miezi 23 hivi. Mpangaji asiye na uhakika wa kukaa miaka miwili hawezi kubeba mzigo huo peke yake, lakini mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuugawana kwa makubaliano ya maandishi.

Baadhi ya nyumba hufunga mita ndogo za ndani ili kila mpangaji ajue alichotumia. Mita hizo humaliza ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi, lakini hazibadili kundi la bei. Mteja mwenye mita yake, ambaye matumizi yake yamekuwa madogo kwa miezi kadhaa na bado yuko T1, anaweza kwenda ofisi ya TANESCO ya eneo lake na stakabadhi zake kuomba suala lake lipitiwe.

Mkaa, gesi au umeme?

Mkaa huonekana nafuu kwa sababu hununuliwa kwa kopo. Kipimo cha haki ni kilo. Kilo moja ya gesi ina nguvu kubwa kuliko kilo ya mkaa, na jiko la gesi hupoteza joto dogo kuliko jiko la kawaida la mkaa. Kwa makadirio, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa. Anayetaka kulinganisha apime kopo lake kwenye mizani ya dukani, azidishe bei ya kilo ya mkaa mara nne, kisha aiweke mbele ya bei ya kilo ya gesi. Akitumia jiko banifu, azidishe mara tatu.

Mtungi wa gesi nao upimwe kabla ya kulipiwa. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe; ukiutoa katika uzito wa jumla, kinachobaki ndiyo gesi.

Kwa upande wa umeme, lita moja ya maji huchemka katika birika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani Sh12 kwa mteja wa D1 na Sh36 kwa wa T1. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria ya presha ya umeme hupunguza muda huo tena.

Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu usingizini.

Pa kuanzia

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia uniti 1.35. Pasi ya wati 1,000 inapovuta umeme kwa saa nzima hula uniti moja, hivyo ni afadhali nguo za wiki zipigwe kwa mkupuo.

Mwaka 2025, mashine zote tisa za Bwawa la Julius Nyerere, zenye uwezo wa megawati 2,115, zilikamilika na kuongeza umeme katika gridi ya Taifa. Hata hivyo, umeme kuwa mwingi katika gridi hakumwondoi mpangaji wa Manzese katika T1. Hatua ya kwanza kwake ni kusoma stakabadhi yake ya LUKU, kugawanya fedha alizotoa kwa uniti alizopata, na kujua kama uniti moja anainunua kwa Sh122 au kwa Sh356.