Wanagenzi wa Mission Bay

Mtu asiyezoea mazoezi akisikia habari za triatloni, yaani shindano moja la kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia mfululizo, mara huwaza Hawaii: karibu kilomita 4 za bahari, 180 za baiskeli na 42 za miguu. Huwaza, akajitazama, akauona mchezo huo kuwa si wake. Dhana hiyo imewazuia wengi, walakini haina msingi katika historia. Kipimo cha Hawaii si shina la mchezo huo. Ni tawi lililochipuka baadaye, na urefu wa tawi lenyewe ulitokana na bahati kuliko elimu.

Shina liko San Diego, katika jimbo la California. Karibu na mwaka 1970 Wamarekani wengi, waliokuwa wakishinda vitini mchana kutwa, walianza kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga, alikuwa ametoa mwaka 1968 kitabu chake Aerobics, kilichowaonyesha watu wa kawaida kwamba moyo na mapafu hujengwa kwa kazi ya kadiri inayorudiwa juma baada ya juma. Mmoja wa walioanza mbio hizo, mwaka 1971, alikuwa Jack Johnstone, mwogeleaji hodari wa siku za chuo ambaye nguvu zake zilikuwa zimepungua. Katika mbio alikuwa mtu wa wastani tu. Alipoonja shindano dogo lililounganisha mbio na kuogelea alitamani mengine ya namna hiyo. Na mwenzake wa San Diego Track Club, Don Shanahan, akataka baiskeli iongezwe. Wakaafikiana.

Shindano lao lilifanyika Mission Bay jioni ya Jumatano, tarehe 25 Septemba 1974, na watu 46 wakajitokeza. Jina la mchezo lilikuwa geni hata fundi wa vikombe vya washindi akauliza namna ya kuliandika, kwa kuwa kamusi haikumsaidia. Vipimo vya siku ile vyastahili kuangaliwa kwa makini. Mbio zilikuwa maili 6 kwa jumla, lakini hakuna kipande kilichozidi maili 2.8, baiskeli ilikuwa maili 5, na kuogelea yadi 500, zilizogawanywa ili mtu asivuke zaidi ya yadi 250 kwa mara moja. Bill Phillips alishinda kwa muda usiotimia saa nzima. Wakimbiaji wengine hawakuwa waogeleaji wa kusifiwa. Usiku ukawakuta wa mwisho wangali majini, ikabidi magari yasogezwe na taa zake kuwashwa wapate kuona pwani. Taa hizo zaeleza tabia ya mchezo ule kuliko kikombe cha mshindi. Watu wale hawakungoja kukamilika katika mambo matatu ndipo waingie; waliingia wakiwa na moja au mawili, na la tatu wakalitafuta humo humo.

Kati ya hao 46 alikuwamo John Collins, ofisa wa jeshi la majini, pamoja na mkewe Judy. Baadaye walihamia Hawaii, na huko mwaka 1977 ukazuka ubishi: mwenye mwili imara zaidi ni nani, mkimbiaji, mwogeleaji au mpanda baiskeli? Collins alishauri mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu yaunganishwe kuwa moja. Safari ya baiskeli, iliyokuwa maili 115, ilipunguzwa maili 3 ili ikome kwenye Mnara wa Aloha, mahali maratoni ilipoanzia. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile maili 112 ambayo leo hutajwa kwa heshima kana kwamba ilipimwa na mabingwa wa elimu ya mwili. Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Collins mwenyewe alitumia takriban saa 17.

Mwanagenzi anayeanza kwa kuiga kipimo cha Oahu hujidhuru kwa sababu iliyo wazi. Pumzi huongezeka katika majuma machache, lakini kano na mifupa hutaka miezi. Basi hufika siku ambapo kifua chamruhusu kwenda mbali na miundi haimruhusu, naye kwa furaha husikiliza kifua. Majini tatizo ni jingine: aghalabu si udhaifu wa mikono, ni kuizuia pumzi badala ya kuitoa uso ungali ndani ya maji. Na mtu ashukaye baiskelini huona miguu mizito kama ya kuazima, mpaka azoee kukimbia kidogo kila baada ya kuendesha.

Mnamo Februari 1982 Julie Moss, mwanafunzi wa chuo aliyeshiriki kwa ajili ya utafiti wake wa masomo, aliongoza wanawake huko Kona, kisha akaanguka karibu na mwisho, akatambaa. Kathleen McCartney alimpita na kumshinda kwa sekunde 29. Picha zake zilionyeshwa na televisheni ya ABC, na maombi ya kushiriki yakaongezeka sana. Picha hizo pia zilikaza dhana kwamba triatloni ni mateso.

Mchezo uliingia katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa kipimo cha kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio, na Brigitte McMahon wa Uswisi akawa bingwa wa kwanza. Nusu ya kipimo hicho ndiyo ambayo wanagenzi wengi hushauriwa kuanzia. Hata nusu hiyo yamtaka mtu aogelee mita 750 bila kukanyaga chini, zaidi ya mara tatu ya kipande kirefu kilichowatosha wale wa Mission Bay.