Mlango Uliofungwa kwa Ufunguo

Tarehe 25 Machi 1911 ilikuwa Jumamosi, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Katika mji wa New York, huko Marekani, wasichana wengi Wakatoliki, watoto wa Waitalia waliohamia nchi ile, walikwenda kazini kama siku nyingine, pamoja na wenzao Wayahudi waliotoka Urusi. Walishona blauzi za wanawake katika kiwanda kiitwacho Triangle, kilichokuwa katika orofa ya 8, ya 9 na ya 10 ya jumba refu.

Jioni, zikiwa zimebaki dakika chache tu waache kazi, moto uliwaka katika orofa ya 8, ndani ya sanduku la vipande vya kitambaa. Matajiri wenyewe walikuwa orofa ya 10. Hao walipigiwa simu, wakapanda juu ya paa, wakapona. Wale wa orofa ya 9 hawakupata habari yo yote mpaka walipouona moto wenyewe. Walikimbilia mlango wa ngazi ya upande mmoja, wakaukuta umefungwa kwa ufunguo. Umefungwa kwa nini? Kwa sababu jioni matajiri walitaka wasichana wote watokee njia moja, wapekuliwe mikoba yao, wasije wakaiba kitambaa!

Ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya ukuta ilipinda, ikaanguka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Waendesha lifti wawili walipanda na kushuka kati ya moshi na moto, wakaokoa wengi, mpaka lifti zikashindwa. Wazima moto walifika upesi, lakini ngazi zao ziliishia orofa ya 6. Basi wasichana walijitupa madirishani, wengine wakishikana mikono, na watu barabarani wakitazama. Haikupita nusu saa, na watu 146 walikuwa wamekufa au wako karibu kufa: wanawake na wasichana 123, wanaume 23. Wengine walikuwa na miaka 14 tu.

Wasichana hao hawakuwa wamenyamaza. Mwaka 1909 walikuwa wamegoma, na washonaji wengine wa mji, maelfu na maelfu, wakawafuata. Viwanda vingi vilikubali kupatana na chama cha wafanya kazi, Triangle ilikataa.

Matajiri walishtakiwa. Desemba ya mwaka ule ule baraza la wazee wa hukumu likawaachilia, kwa kuwa haikuthibitika kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Mwaka 1913 mmoja wao alikamatwa tena kwa kufunga mlango katika kiwanda kingine. Alitozwa dola 20.

Kama mambo yangeachwa kwa mahakama, basi, yangeishia hapo. Lakini palikuwa na mtu mmoja katika Baraza la kutunga sheria la jimbo la New York, jina lake Alfred Smith, Mkatoliki, mzaliwa wa mitaa ile ile ya maskini. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto bado. Akaiacha shule ya parokia, akaenda kufanya kazi katika soko la samaki. Wenzake walipojisifu kwa vyuo vikuu walivyosoma, yeye alisema kwamba chuo chake ni lile soko. Chama chake cha siasa mjini, Tammany, kilikuwa na sifa mbaya kwa rushwa, wala sisemi kwamba sifa hiyo ilikuwa ya uongo. Watu wema waliotaka kutengeneza serikali walikidharau. Ajabu ni kwamba sheria walizozitaka wao zilipitishwa na watu wa Tammany.

Smith alikwenda nyumbani kwa waliofiwa. Kisha Juni 1911 Baraza likaweka tume ya kuchungua viwanda. Mkuu wake alikuwa Robert Wagner, aliyezaliwa Ujerumani, na Smith msaidizi wake. Tume hiyo haikukaa mezani kungoja barua. Katika mwaka wa kwanza ilikagua viwanda zaidi ya 1,800. Bibi mmoja, Frances Perkins, aliyekuwa karibu siku ile ya moto na kuwaona wasichana wakianguka, aliwaongoza wakubwa hao kutazama kwa macho yao. Waliwaona watoto wadogo wakifanya kazi katika viwanda vya kutia mboga na matunda katika mikebe. Wagner mwenyewe aliambiwa apenye kwa kutambaa katika tundu dogo la ukuta, akatokea kwenye ngazi iliyofunikwa na barafu, tena ikiishia juu, mbali na ardhi. Hiyo ndiyo iliyoitwa njia ya kukimbia moto.

Zikafuata sheria nyingi: milango isifungwe saa za kazi, watu wazoezwe namna ya kutoka moto ukiwaka, mabomba ya maji yawekwe katika majumba marefu, wanawake viwandani wasipite saa 54 kwa juma. Ilipoamriwa siku moja ya kupumzika kila juma, matajiri wa viwanda vya mikebe waliomba wao wasihesabiwe, maana matunda huoza. Smith akasimama. Akasema kwamba ameisoma sana amri ya Mungu juu ya kuitakasa siku yake, wala hakuona mahali palipoandikwa “isipokuwa viwanda vya mikebe.”

Baadaye Smith alichaguliwa Gavana wa New York mara nne. Mwaka 1928 alikuwa Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani. Akashindwa, na dini yake ilikuwa sababu mojawapo. Bibi Perkins alipata kuwa Waziri wa Kazi mwaka 1933, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya nchi ile, akakaa miaka 12. Mwaka 1938 sheria ya taifa zima ikaweka mshahara wa chini na kukataza kazi ya watoto viwandani.

Jumba lile halikuteketea. Lingali limesimama, na sasa ni mali ya chuo kikuu. Kati ya wale 146, maiti sita zilizikwa bila kujulikana ni za nani. Majina yao yalipatikana mwaka 2011, baada ya miaka 100.